Leza, mbwa mzee na njiti za chelewa

Watu wakisikia nina mashine ya leza ya kutibu mbwa, swali la kwanza huwa bei. La pili: je, na mgongo wa binadamu inautibu? Swali la kama inafanya kazi kweli huja mwisho, na si wengi wanaolifikia. Mimi hilo la mwisho ndilo lililonihangaisha, mpaka nikawa nashinda ufukweni Shangani, hapa Mtwara, na njiti za ufagio wa chelewa mkononi, wapita njia wakiniuliza kama nimeanza uganga.

Mashine sikuinunua. Nilikuwa mlinzi na mtunza bustani kwa mama mmoja Mholanzi aliyepanga nyumba hukuhuku Shangani, enzi zile wageni walipojaa Mtwara kwa sababu ya gesi. Alikuwa na mbwa mkubwa, Bosko, baba yake German Shepherd, mama yake wa mtaani hapahapa. Mkataba wa yule mama ulipoisha, alishauriwa asimpandishe ndege mbwa mzee mwenye nyonga mbovu. Akaniachia mbwa, mfuko wa dawa, na kiboksi cheusi chenye kitu mfano wa tochi nene. Kukitumia nilikwishazoea, maana safari zake za Dar es Salaam zilikuwa nyingi na mbwa alikuwa akibaki na mimi.

Ugonjwa wa Bosko daktari wa mifugo alinichorea nyuma ya karatasi ya chanjo. Kichwa cha mfupa wa paja kinatakiwa kikae ndani ya kikombe cha nyonga, kimebana vizuri. Mbwa wakubwa wa asili ya kizungu mara nyingi hurithi kasoro hapo, nayo hujitokeza wakikua: kikombe kinakuwa kifupi, kichwa kinachezacheza, miaka inavyokwenda gegedu inalika, mfupa unaota vinundu, na mwisho wake ni baridi yabisi ya kudumu. Gegedu ikishalika hairudi, si kwa dawa wala kwa mwanga. Hilo alilisema siku ya kwanza.

"Hapa hatutafuti kumponya," aliniambia. "Tunatafuta aumie kidogo, atembee zaidi."

Na kuumia kwa mbwa hakuna kelele. Wengi wetu tunangoja mnyama alie ndipo tuamini. Bosko hakulia hata siku moja. Aliacha kuinua mguu akikojoa, akawa anachuchumaa tu. Akitaka kulala alizunguka, akasita, kisha akajiangusha, na kila mara ni upande wa kulia. Ngazi za kibarazani alizipanda kwa kurusha miguu yote ya nyuma kwa pamoja. Nyonga ya kushoto aliilamba hadi manyoya yakageuka rangi ya kutu. Upepo wa kusi ukishika, mwezi wa sita na wa saba, asubuhi alisimama palepale alipolala akingoja viungo vimruhusu, nami nikangoja naye, bakuli mkononi.

Sasa hiyo leza. Ya kwanza duniani iliwashwa na Theodore Maiman huko California mwaka 1960. Mwaka 1967 daktari mmoja wa Hungaria, Endre Mester, alikuwa Budapest akitafuta kama mwanga huo unaweza kumaliza uvimbe wa saratani kwa panya. Aliwanyoa, akawamulika. Leza yake ilikuwa dhaifu na uvimbe haukutoweka, ila manyoya pale alipomulika yaliota haraka kuliko kwa panya wasiomulikwa. Ndipo akahamia kwenye vidonda. Yaani tiba yote hii imezaliwa na jaribio lililokwama, na huwa napenda kuwaambia hivyo wale wanaodhani kila kitu cha wazungu kilipangwa toka mwanzo.

Mwanga unaotumika ni mwekundu, au ule wa infraredi ulio ng'ambo ya mwekundu, wenye urefu wa wimbi kuanzia nanometa 600 hivi mpaka 1000. Ndani ya seli kuna mitokondria, ndimo nguvu ya seli inamotengenezwa. Humo mna kimeng'enya kiitwacho saitokromu c oksidesi, ambacho hunasa mwanga wa rangi hizo. Kikishaunasa, seli inatengeneza nguvu zaidi, naitriki oksidi inaachiwa, mishipa midogo ya damu inatanuka, na uvimbe na maumivu vinapungua. Hayo ndiyo maelezo yanayokubaliwa na wengi. Mashine ndogo kama yangu haitegemei joto. Ukiishika mkononi husikii kitu.

Kipimo chake ni jouli, yaani nguvu ya wati moja kwa muda wa sekunde moja. Yangu ina nusu wati, ambacho ndicho kikomo cha daraja la 3B katika madaraja ya usalama wa leza. Nyonga imejificha chini ya manyoya, ngozi na msuli mnene, na mwanga mwingi unaishia njiani, kwa hiyo daktari alitaka jouli 8 hadi 10 kwa kila sentimita ya mraba. Ukipiga hesabu ya eneo lote, unakaa upande mmoja dakika ishirini ndipo upate jouli 600. Mwanzoni mara mbili au tatu kwa wiki, baadaye unapunguza. Mashine kubwa za daraja la 4, zile zinazozidi nusu wati, zinamaliza kazi hiyo kwa dakika chache, lakini zinapasha ngozi moto, hasa kwa mbwa mweusi, na kichwa cha mashine hakitakiwi kutulia mahali pamoja. Jeraha la juujuu linataka kidogo sana. Na ukizidisha, faida inageuka hasara: mwanga mwingi mno huzuia kilekile ambacho mwanga wa kiasi huamsha. Hapa ndipo ninapobishana na watu. Sisi tukiandikiwa vidonge viwili tunatamani vitatu ili tupone upesi.

Kinachonitisha ni macho. Mwanga unaofanya kazi kwenye mashine yangu hauonekani kabisa. Kile kidoa chekundu unachokiona ni cha kukuonyesha unapoelekeza, basi. Kwa kuwa jicho haliuoni, halifumbi, na unaweza kuunguza nyuma ya jicho bila kusikia maumivu yoyote. Kuna miwani yake maalumu iliyokuja nayo, na miwani ya jua haiwezi kushika nafasi yake hata iwe nyeusi vipi. Bosko nilimfunika macho kwa kanga kuukuu iliyokunjwa. Karai la bati, mnyororo wa shingoni, kioo, vyote niliviondoa, maana mwanga ukigonga kitu kinachong'aa unarudi kokote. Watoto nao niliwafukuza kibarazani. Walisimama mbali kule kwenye mkorosho wakitoa taarifa kwa sauti: "Anamulika lakini hamna kitu." Mlinzi wa nyumba ya pili, mtu mzima na akili zake, aliniambia kwa huruma kwamba mzungu kaniachia tochi mbovu badala ya kiinua mgongo.

Halafu kulikuwa na suala la najisi. Kwetu Newala, na hata hapa mjini, mbwa ana kazi yake shambani, kufukuza nguruwe pori na nyani, lakini hakai mtu akampapasa nyonga dakika ishirini. Mama yangu alikuja kunitembelea kutoka Chikongola, akanikuta kwenye shughuli hiyo.

"Baba, na nguo hizohizo utaingia nazo msikitini?"

Nikaenda kumuuliza shehe wa mtaani. Hakucheka wala hakunikemea. "Mwanangu, mate na unyevu ndio mtihani. Mkavu kwa mkavu hakuna kilichohama. Ukilowa, osha mara saba, moja kwa udongo, kisha uendelee na dini yako." Halafu akanikumbusha kisa cha mtu aliyeshuka kisimani, akamchotea maji kwa kiatu mbwa aliyekuwa akilamba udongo kwa kiu, Mungu akamsamehe. Nilipotoka pale nilikuwa na utaratibu: shati la kazi, glavu, baada ya Alasiri, kisha kuoga. Na mashine yenyewe inataka manyoya makavu, masafi, yasiyopakwa mafuta wala dawa, hivyo shehe na mtengeneza mashine wakawa wamekubaliana bila kujuana.

Yule mama alikuwa akipiga simu kutoka Uholanzi kuulizia hali ya mbwa wake. Kila akipiga, jibu langu lilikuwa lilelile: afadhali, anaendelea vizuri. Nilimjibu hivyo na daktari pia, alipopita kuchanja mbwa wa mtaani. Akaniuliza, "Hiyo afadhali umeipima kwa nini?"

Akanisimulia utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2012. Mbwa wenye baridi yabisi walipewa vidonge visivyo na dawa ndani, kisha wakapitishwa juu ya bamba linalopima mguu unakanyaga kwa nguvu kiasi gani. Bamba likaonyesha hakuna kilichobadilika. Wengi wa wenye mbwa wakasema wanaona nafuu. Na si wao tu. Hata madaktari waliowakagua kwa macho waliona nafuu ambayo bamba halikuiona. Mtu anayemhangaikia mnyama, anayetoa jasho lake na muda wake, macho yake yanamlipa kwa kumwonyesha anachokitaka. Tafiti za leza zenyewe hazijakubaliana. Kuna zilizokuta mbwa wa baridi yabisi wanatembea vizuri zaidi na dawa zao zikapunguzwa, kuna zilizokuta hakuna tofauti, na kila moja ina mashine yake na kipimo chake. Kwa hiyo "afadhali" yangu haikuwa na thamani.

Bamba sina. Nina mchanga.

Anayeijua Shangani anajua bahari ya pale ikitoka inavyotoka. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji yanakwenda mbali kabisa, akina mama wanaochokoa pweza wanakuwa vidoa tu huko mwambani, na nyuma yao kunabaki uwanja wa mchanga mbichi, mgumu kiasi, usio na wimbi la kuufuta. Siku za maji mafu uwanja huo haupatikani, unabaki ukanda mwembamba uliokanyagwa na kila mtu. Nikaamua kumpima Bosko kila bamvua.

Namna yenyewe ni hii. Namfunga kamba fupi, natembea naye polepole, mwendo mmoja, bila kumwita wala kumvuta. Kisha narudi kwenye nyayo. Mguu unaouma haubebi uzito, kwa hiyo wayo wake unakuwa na kina kidogo. Nachukua njiti ya chelewa kutoka kwenye ufagio, nasimamisha ndani ya wayo wa nyuma wa kulia, navunja usawa wa mchanga. Nyingine kwa wa kushoto. Nafanya hivyo kwa nyayo kadhaa, nachagua zilizo safi, nazifunga kwa uzi, kulia na kushoto, naziweka kwenye chupa ya maji iliyokatwa shingo. Jambo moja lilinichukua muda kulitambua: ufuko una mteremko, na mguu ulio upande wa baharini unazama zaidi hata kama ni mzima. Dawa yake ni kwenda na kurudi njia ileile, upime pande zote mbili.

Nyayo zinasema na mengine. Mbwa mzima akitembea taratibu, wayo wa nyuma hutua ndani ya wayo wa mbele au karibu yake. Wa Bosko wa nyuma ulitua nyuma kabisa, hatua fupi, na mbele ya kila wayo wa kushoto kulikuwa na mfereji mdogo ambao kucha ziliuchora kwa kuburuzwa. Ukishauona ule mfereji, huwezi tena kujidanganya.

Bamvua za mwanzo njiti zilinikatalia. Macho yangu yalisema mbwa amechangamka, chupa ikasema kushoto bado ni fupi vilevile. Nikampelekea daktari zile njiti. Alizipanga mezani, akazitazama muda, akaniambia tukampime uzito.

Hapa pana kisa. Mzani wa kumbeba mbwa wa kiasi kile tuliupata kwenye ghala la korosho, msimu ukiwa umemalizika. Karani alikataa katakata mbwa kukanyaga mzani wa korosho za watu, na sikumlaumu. Tukaafikiana kwa gunia la kutandika juu, tena gunia langu, na nikaondoka nalo. Bosko akasoma kilo 41. Daktari akataka 34. Yule mama alimlisha vizuri mno, na mimi niliendeleza alipoishia, ugali wa dona bakuli limejaa mchana na jioni, kwa sababu kumnyima mgonjwa chakula kwetu ni ukatili. Nikapunguza dona, nikaongeza maboga, nikabaki na dagaa wa kuchemsha bila chumvi. Mafuta ya samaki yana msaada wake kwenye viungo vinavyovimba. Alinitazama kwa lawama kwa wiki nyingi.

Pili, bahari. Maji yakijaa na upepo ukiwa mtulivu, nilimwingiza mpaka kifuani, tukatembea sambamba na ufuko. Maji yanabeba mwili, msuli unafanya kazi, kiungo hakipondwi. Msuli wa paja lake la kushoto ulikuwa umenywea, na ni msuli huo ndio unaoshikilia nyonga isicheze. Baada ya hapo suuza kwa maji baridi, kausha, leza kama ni siku yake.

Tatu, dawa. Daktari alimwandikia meloksikamu, dawa ya maumivu na uvimbe, kwa uzito wake, pamoja na chakula, si tumbo likiwa tupu. Nasisitiza hili kwa sababu ya kijana mmoja wa duka la dawa aliyetaka kunisaidia kwa roho safi. "Baba, mpe diklofenaki, ni kitu kilekile, tena bei ndogo." Si kitu kilekile. Diklofenaki na ibuprofeni za binadamu zinamtoboa mbwa tumbo na kumharibu figo. Parasetamoli ni sumu kwa paka hata kwa kipande kidogo, damu yake inashindwa kubeba hewa. Huko India tai walikufa kwa mamilioni kwa kula mizoga ya ng'ombe waliodungwa diklofenaki, mpaka mwaka 2006 serikali ikaipiga marufuku kwa mifugo. Nilimsimulia kijana habari ya tai. Akaniambia hapa kwetu hamna tai. Sikuwa na jibu la haraka.

Njiti zikaanza kusogeleana. Kushoto ikarefuka bamvua baada ya bamvua, ule mfereji wa kucha ukawa mstari, ukawa alama hapa na pale. Siku moja Bosko akainua mguu kwenye mnazi wa jirani, jirani akanijia juu, na mimi nikawa nacheka mbele yake kama mwendawazimu. Lakini lile swali langu lilikuwa bado lipo: nani kafanya kazi? Uzito ulishuka, bahari ilimjenga, dawa ilikuwepo, na leza ilikuwepo.

Betri ndiyo iliyonijibu, kwa kufa. Mashine ikagoma kuchaji. Nikampelekea fundi simu mmoja kule sokoni, hodari kweli, na kabla hajaigusa nikambandikia utepe mweusi mdomoni mwa mashine na kumvisha miwani. "Mkubwa, unanivisha miwani kwa tochi?" Seli za ndani zilikuwa zimechoka, za kufanana nazo zikabidi ziagizwe Dar es Salaam, na kuagiza kukawa kuagiza. Muda huo wote sikubadilisha kitu kingine: chakula kile, bahari ile, dawa ile.

Bamvua iliyofuata njiti hazikusogea. Niliona haya kidogo kwa niaba ya ile mashine. Baadaye zikaanza kuachana, si kurudi zilikotoka, la, pengo dogo tu, lakini lilikuwepo pande zote mbili za mteremko, na Bosko akarudia kulamba nyonga usiku. Betri zilipofika na tukaendelea, pengo likapungua tena, taratibu. Mbwa mmoja na ufagio wa chelewa si utafiti, naelewa. Ila kwa mbwa huyu, hukumu yangu ni kwamba leza ina mchango, si mkubwa, hauji siku moja na hauondoki siku moja. Mtu akiniuliza shilingi yake aiweke wapi kwanza, namwambia mzani. Kisha bahari, ambayo ni bure. Kisha daktari na dawa yake. Mwanga uje nyuma ya hao.

Fundi naye alinifundisha kitu. Namna ya kujua kama mwanga usioonekana unatoka ni ileile anayotumia kupima rimoti za televisheni: unaelekeza kwenye kipande cha boksi, miwani ikiwa machoni, unalitazama boksi kupitia kamera ya simu. Kamera inauona. Pale penye giza kwa macho yangu pakatokea doa la zambarau, zito, likitulia juu ya kadibodi. Nilimwita mlinzi wa nyumba ya pili aje aitazame tochi yangu mbovu.

Kuhusu paka nitasema kidogo, kwa sababu kazi kubwa hapo haikuwa ya leza. Binti wa jirani alileta paka wake amekatwa na waya mguuni, kidonda kimeoza pembeni. "Shikamoo baba, mama kasema umulike." Marahaba, nikamwambia, lakini kwanza tujue kama kilichomkata ni waya au meno. Ukanda huu wa kusini, miaka ya 2010, ulipita kwenye mpango mkubwa wa kuchanja mbwa kichaa cha mbwa, Lindi na Mtwara tukiwemo, na watu wakapata usingizi. Lakini mnyama asiyechanjwa aliyeng'atwa na asiyejulikana si wa kushikwashikwa na mtu yeyote. Waya ulionekana, ungali na manyoya. Daktari akaondoa nyama iliyokufa, akampa dawa ya bakteria, akaelekeza maji yaliyochemshwa na kupozwa, kijiko kimoja cha chai cha chumvi kwa nusu lita, asubuhi na jioni. Mwanga ulikuja baada ya kidonda kuwa safi, bila kukigusa, dakika chache tu. Kilifunga vizuri. Ninavyoona mimi, yule binti na maji yake ya chumvi wanastahili sifa kuliko mimi.

Kuna mahali sielekezi mashine kabisa, hata mtu aninunie. Jicho. Uvimbe usiojulikana asili yake, kwa sababu kinachoipa nguvu seli njema kinaweza kuipa nguvu na ya saratani. Tumbo la mnyama mwenye mimba. Tezi ya shingo. Mahali panapovuja damu. Mtoto wa mbwa ambaye mifupa yake bado inakua. Jamaa mmoja kutoka Mikindani aliniletea jike mwenye kinundu kwenye chuchu, akiwa amelipa bajaji kwenda na kurudi. Nilimrudisha kwa daktari, na bado hanisalimii vizuri.

Mama yangu naye, aliyenisema kwa najisi, alikaa akaniangalia miezi, kisha siku moja akanyoosha mguu kibarazani na kupandisha kanga hadi gotini. "Kama mbwa anatembea, na mimi nimulike." Leza kwa goti la binadamu ipo, wataalamu wa viungo hospitalini hutumia, na kanuni yake ni hiyohiyo. Nikamwambia kichwa cha mashine hii kimeshinda juu ya mbwa. Akafikiri.

"Mkavu kwa mkavu," akasema.

Nilimpeleka hospitali ya Ligula akaonwe na mtu aliyesomea magoti. Alirudi na mazoezi ya kuinua mguu kwenye kiti na amri ya kupunguza uzito, na amri hiyo anaitii kama Bosko alivyoitii, yaani kwa kunitazama vibaya wakati wa kula.

Bosko sasa ni mzee kwelikweli. Dawa imebidi ipunguzwe maana figo zinapimwa na hazifurahishi, na kwa sababu hiyo leza imepata nafasi kubwa kuliko mwanzo: haipiti kwenye figo. Wageni wa mashine wanaendelea kuja. Anayetaka mnyama wake amulikwe, namuuliza kwanza ameonwa na daktari gani, na akasema nini. Kama ni mbwa anayechechemea, namwambia aje siku za bamvua, asubuhi maji yakiwa yametoka, na aje na ufagio wake wa chelewa. Wangu umebaki kishikio.